Ukili Uliopachikwa

Mimi Salha wa Mtongwe nasuka mikeka tangu sijajua kujifunga leso vizuri, na kusema nilianza kabla ya hapo. Hapa mtaani najulikana kwa mambo mawili: mikeka yangu haifumuki, na mdomo wangu haufungiki. Yote mawili ni kweli, na sioni haya.

Jambo la tatu ni kisima. Alikichimba babu yangu nyuma ya nyumba hii ninayoishi, na mama aliponiachia nyumba aliniachia na maneno yake: kisima hiki hakijawahi kukauka, na maji ya harusi kwetu ni mwiko kununuliwa. Yeyote anayeoza Mtongwe huja kuteka hapa bure maji ya sharubati, hata kama ana mfereji ndani kwake. Maneno hayo nimeyarudia mara nyingi mno hata kasuku wa jirani aliyashika.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Nitaisema yote, maana imeshapita na leo naicheka.

Mwaka jana nilimwoza binti yangu Dhahabu kwa kijana wa Mikindani. Ilikuwa wiki tatu kabla ya Ramadhani, jua limekaa utosini na mvua hatujaiona tangu lini. Asubuhi ya harusi niliteremsha ndoo kisimani, nikavuta, nikateremsha tena. Nikapata nusu pipa. Ndoo iliyofuata ilipanda na tope.

Nilisimama pale na kamba mkononi, jasho likinitoka. Wageni wa Mikindani wangefika saa saba. Ukwaju umeshalowekwa, sukari iko tayari, na mimi mwezi mzima nimekuwa nikiwatambia wakwe kuhusu maji ya babu. Mara nikasikia mitungi ikigongana nyuma ya jiko. Ni Boga, muuza maji, anasukuma mkokoteni wake kichochoroni. Nikafungua mlango wa uani kidogo tu, nikamwita kwa mkono kama mwizi anayemwita mwenzake. Mitungi kumi ikamiminwa juu ya ile nusu pipa yangu, pipa likajaa, na uongo wangu ukapata nusu ya ukweli ndani yake.

Nilipogeuka nilimkuta mume wangu, Faki, amesimama na kikombe cha chai.

"Hukuona kitu," nikamwambia.

"Sikuona kitu," akasema, akanywa chai yake.

Faki ndivyo alivyo. Kwa siku hutoa maneno machache kuliko ninayoyatoa mimi nikijifunga leso.

Harusi ilifana. Nilipita na jagi mwenyewe, mkufu shingoni, nikiwamiminia wakwe. "Nyweni jamani, maji ya kisima cha babu haya, Mikindani hamtayapata!" Wakanywa, wakasifu, wakaomba tena. Dhahabu naye, juu ya kiti chake na hina mpaka kwenye viwiko, alikunywa gilasi mbili.

Siku ya pili yake simu zikaanza. Mama mkwe anahara na kutapika. Shemeji yake hawezi kusimama. Jioni wakaniambia Dhahabu amelazwa, na nilipofika hospitali nilimkuta macho yameingia ndani, midomo imekauka, sindano ya dripu imechomwa katikati ya maua ya hina. Mwanangu, bi harusi wa siku mbili. Nililia mpaka muuguzi akanipa kiti. Kipindupindu, wakasema. Watu ishirini na watatu, wote walikuwa harusini. Alhamdulillahi, hakufa hata mmoja, na baada ya siku nne Dhahabu alikuwa anadai chipsi.

Lakini kabla ya hizo chipsi alikuja afisa wa afya, mwanamke mmoja mpole aitwaye Eddah, ana daftari na viatu vya kutembelea matopeni. Akauliza kila kitu tulichopika. Pilau iliiva vizuri, akaandika. Mahamri yamekaangwa, akaandika.

"Na sharubati, mama? Mlitumia maji gani?"

"Ya kisima," nikasema, kichwa juu.

"Ya kisima peke yake?"

"Kwetu maji ya harusi hayanunuliwi."

Nyuma yangu Faki alikohoa. Nilimtupia jicho, kikohozi kikapona.

Eddah hakuja peke yake. Aliyekuwa amebeba chupa za kuchukulia maji alikuwa ni Phoebe, mpangaji wangu. Msichana huyu, mtu wa Ahero kule Kisumu, anakaa chumba cha mbele kwangu mwaka wa pili sasa, na kila siku anavuka feri kwenda kufanya kazi maabara. Alipofika kwangu alikuwa hajui kuamkia watu. Mimi ndiye niliyemfunza shikamoo. Alikuwa akila mbaazi zangu asubuhi, na akitoka kwao ananiletea samaki wa kukaushwa. Nilimpenda, ndiyo maana niliumia. Siku mbili baada ya kuteka yale maji machache yaliyokuwa yamejikusanya tena kisimani, walirudi wakakizungushia kisima utepe mwekundu. Vijidudu vya kipindupindu vimepatikana ndani yake.

Wallahi, nilipandwa na mori. Nilimngoja Phoebe mlangoni, na alipoingia sikumpa nafasi hata ya kuvua viatu.

"Wakula mbaazi zangu! Walala chini ya bati langu! Kisha wanifungia kisima cha babu yangu!"

"Shikamoo, mama," akasema.

Alinitia hasira zaidi, maana ilinibidi niitikie. "Marahaba! Sema!"

"Nilimwambia mkubwa wangu kuwa hapa ndipo ninapoishi. Akataka kumtuma mtu mwingine. Nikakataa mimi, nikasema mama Dhahabu nikimficha jambo hili sitaweza kumwangalia. Nilijua unaweza kunifukuza."

"Basi umejua vizuri. Mwisho wa mwezi uniachie chumba."

Akaitikia, "Sawa, mama," akaingia chumbani kwake taratibu. Usoni nilikaa na hasira yangu, lakini ndani kulikuwa na kitu kinachonichoma, na nilikijua ni nini. Nilijiambia kwamba kisima kimekutwa na vijidudu, kipimo kimesema, basi maji ya Boga hayana neno. Nilijiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi nilikuwa sijiamini.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Watu waliozoea kuja na ndoo sasa walikuja kutazama utepe. Jirani yangu Bi Mwanatumu, mtu mzima aliyecheza na mama yangu, alinirudishia mkeka aliokuwa ameuagiza, eti miyaa, majani tunayosukia, hulowekwa kabla ya kusukwa, na miyaa yangu imelowekwa maji ya kisima kile. Nikaupokea. Mimi, Salha, nikaukunja, nikauweka kando.

Alasiri moja nilikuwa barazani nashona ukili. Kwa asiyejua, mkeka hausukwi mzima mzima. Kwanza unasuka ukili, utepe mwembamba mrefu wa miyaa, kisha unaushona ukingo kwa ukingo, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mkeka unatokea. Phoebe aliingia mapema kuliko kawaida yake, ana karatasi mkononi na macho mekundu ya kukosa usingizi. Akaketi sakafuni mbele yangu bila kualikwa.

"Mama, nina habari. Lakini nataka uielewe, si uiamini tu."

"Sema, masikio si ya kupanga."

Akacheka kidogo. "Kila kijidudu kina maandishi ndani yake. Ndiyo yanayomwambia aishi vipi, ale nini, afanye nini. Maandishi yote kwa pamoja tunayaita jenomu. Ya huyu wa kipindupindu yana herufi kama milioni nne. Tumesoma ya waliotoka kisimani kwako, tukasoma na ya waliotoka kwa wagonjwa tisa, tukayalaza sambamba na kuyalinganisha."

"Milioni nne mmezisoma lini, wakati jioni uko hapa wakaanga omena?"

"Inasoma mashine, mama. Ndogo, inakaa kiganjani." Akavuta mikeka miwili iliyokuwa imekunjwa kando yangu, akaitandaza. "Nikikuuliza kama mikeka hii miwili imesukwa na mkono mmoja, utajuaje?"

Sasa hapo alinigusa penyewe. Nikaweka sindano chini. "Rangi haitoshi, mtu yeyote aweza kuiga rangi. Wahesabu miyaa kwenye ukili. Watazama mkono umevuta vipi. Waenda ukili kwa ukili, toka ukingo huu hadi ule."

"Ndivyo tulivyofanya. Kile kipimo cha kwanza kiliangalia rangi tu. Kikasema wa kisimani na wa wagonjwa ni kitu kimoja, na kweli ni ukoo mmoja. Lakini tulipokwenda ukili kwa ukili, tukakuta wa wagonjwa wana sehemu ambazo wa kisimani hawana kabisa. Sehemu moja ina maelekezo ya kutengeneza sumu. Sumu hiyo ndiyo iliyomkausha Dhahabu maji mwilini. Nyingine ni ya kutengeneza vinywele vya kujishikia utumboni asisombwe."

"Na hizo sehemu wamezipata wapi, ikiwa ni ukoo mmoja?"

"Kuna virusi ambavyo kazi yao ni kuwaingia bakteria. Kimoja kiliingia zamani, kikaacha kipande chake humo. Tangu hapo kila anayezaliwa anacho."

Nikapitisha kidole kwenye mkeka wa kushoto. Huo nilikuwa nimeutengeneza upya baada ya kuliwa na panya: nilikata palipoharibika nikatia ukili mwingine. Kwa macho huoni. Kwa kidole unapata mshono. "Umepachikwa," nikasema.

Phoebe alinitazama kama mwalimu aliyejibiwa swali gumu na mwanafunzi wa nyuma. "Umepachikwa, mama! Na sisi tunauona mshono wake, kwa sababu herufi za pale zimepangika tofauti na za sehemu nyingine. Mkono si ule ule."

"Kwa hiyo hawa wangu..."

"Hawa wako hawana sumu. Wanaishi tu kwenye maji yenye chumvichumvi karibu na bahari. Nisikudanganye, usiyanywe bila kuchemsha. Lakini kisima chako hakikumlaza mtu."

Nilipiga kigelegele kilichosikika mpaka kwa wanaongoja feri. Faki akatoka ndani na miwani puani. Nikamshika Phoebe kichwa nikambusu utosini, nikamwambia ule mwisho wa mwezi niliousema sikutaja wa mwaka gani. Nilifurahi, jamani. Niliona utepe unakatwa, niliona ndoo za watu zimepanga foleni, niliona Bi Mwanatumu anakuja kuchukua mkeka wake na kichwa chini.

Phoebe hakufurahi nami. Aliningoja nimalize.

"Mama, kuna jingine. Wale wa wagonjwa tisa wanafanana wao kwa wao, tofauti yao ni herufi moja au mbili tu. Maana yake wametoka mahali pamoja. Na kitu walichokula au kunywa wote ni sharubati. Kama si kisima, ni nini? Kwenye pipa lile kuliingia maji mengine?"

Nikaiokota sindano, nikarudi kwenye ukili.

"Nauliza kwa sababu juzi wamelazwa watu wawili, hapa hapa Mtongwe. Hawakufika harusini."

Nilitazama sindano yangu. Nataka niseme ukweli wa saa ile, maana ndio ulionifundisha mimi ni mtu gani. Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni, limeshavaa viatu. Kisima kimesafishiwa jina, mwanangu amepona, nani angejua? Nikisema ndiyo, basi kisima cha babu kilikauka siku ya harusi ya kitukuu chake, na Salha alinunua maji kichochoroni akawatambia wakwe kuwa ni ya ukoo, na akamdanganya afisa wa afya mchana kweupe. Mtongwe nzima ingecheka mpaka ng'ambo. Faki alivua miwani, akaifuta kwa shuka yake, akaivaa tena.  Alikuwa ameniahidi kuwa hakuona kitu.

Ndipo nikasikia mitungi inagongana njiani.

Alikuwa Boga na mkokoteni wake, amejaza, anaelekea chuoni, pale watoto wanaposoma Kurani alasiri. Niliwasikia wenyewe, sauti zao ndogo zinapanda na kushuka, na nikajua saa ile wakitoka kila mmoja atakimbilia kikombe.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka miyaa inaanguka mapajani, na mimi niko katikati ya njia bila viatu, mikono miwili juu ya mtungi wa mbele.

"Boga, simama! Usiteremshe hata tone!"

"Kuna nini tena, mama?"

Watu walishaanza kutoka. Nimewaambia mdomo wangu unajulikana. Bi Mwanatumu alikuwa wa kwanza, ana upawa mkononi. Nikaona nikipunguza sauti nitashindwa, basi nikaipandisha.

"Maji haya ndiyo yaliyowalaza watu wa harusi yangu! Niliyanunua mimi! Mitungi kumi, mlango wa uani! Kisima kilikauka, nikaona haya, nikasema uongo. Nimemdanganya Eddah, nimemdanganya mkwe wangu, nimekisingizia kisima. Na msichana huyu niliyemtukana ndiye aliyekisafishia jina."

Boga aliachia mikono ya mkokoteni. Niliogopa atanirushia matusi, na ningestahili. Lakini alikuwa amepauka.

"Mama, mimi nateka kwenye mpira wa maji ulioungwa kule bondeni. Sote nyumbani tunakunywa hayo hayo." Akaushika tena mkokoteni. "Hao wawili waliolazwa juzi, mmoja ni mke wangu."

Phoebe alikwisha kumfikia. Akamshika begani, akamwuliza jina la mke wake na wodi, akamwambia atakwenda naye. Kisha akachukua chupa yake ndogo, akaijaza kwenye mtungi wa mbele, na mwalimu wa chuo akaja kumsaidia Boga kugeuza mkokoteni.

Nilibaki mimi katikati ya njia. Nilikuwa nangoja kicheko. Na kweli kikaja, Bi Mwanatumu ndiye aliyekianza, amejishika kiuno na upawa wake.

"Salha, mwanangu, wewe wadhani kisima hiki kimeanza kukauka kwako? Mimi namwoza binti yangu, mama yako alinunua mapipa mawili. Usiku usiku! Akanishika mkono akaniapisha nisiseme."

"Na mimi," akasema mwanamke wa nyumba ya pili. "Mwaka ule wa ukame. Mimi alininunulia tatu."

"Mama?" nikasema. "Mama yangu?"

"Mama yako. Tulinyamaza kwa heshima yake. Kisha tukanyamaza kwa heshima yako, na wewe husemi kidogo."

Nilikaa chini pale pale, kwenye vumbi, nikacheka mpaka machozi. Sijui nilimcheka mama au nilijicheka mwenyewe. Miaka yote ile nimebeba mzigo ambao mtaa mzima ulikuwa unanisaidia kuubeba, kila mtu upande wake, kimya kimya. Faki alinijia na viatu vyangu, akaniwekea mbele ya miguu.

"Nilikuwa nakungoja," akasema.

Yaliyobaki ni mafupi. Maji ya Boga yalisomwa kwenye ile mashine ya kiganjani, yakakutwa na kijidudu yule yule mwenye ukili wa kupachikwa, tofauti yake na wa Dhahabu ni herufi moja. Kule bondeni ule mpira ulikuwa umepasuka ndani ya mtaro wa maji machafu. Ukakatwa, Boga akahamia kuteka kwenye kioski cha maji ya bomba, na hakulazwa mtu mwingine. Mke wa Boga alirudi nyumbani siku ya tano. Mimi nilimpelekea uji kila siku, na siku ya kwanza nilimwomba radhi. Alisema uji una sukari kidogo. Kwa Eddah nilikwenda mwenyewe kurekebisha maneno yangu kwenye daftari lake. Mikindani nilikwenda na Faki, nikiwa nimejiandaa kusutwa. Mama mkwe wa Dhahabu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia sharubati yenyewe ilikuwa tamu.

Phoebe nilimsukia mkeka wa miyaa myeupe, na katikati nikapachika ukili mmoja mwekundu. Ameutundika ukutani huko maabara. Anasema wageni wakimwuliza kazi yake ni nini, anawaonyesha kwa kidole.

Kisima kilitiwa dawa, utepe ukakatwa. Kipande kimoja cha utepe huo nimekifunga kwenye kamba ya ndoo. Kikipita ukingo wa kisima kabla ya ndoo kugusa maji, ujue kisima kimepungua.

Wiki iliyopita Bi Mwanatumu alikuja na mapipa yake, anamwoza mjukuu. Niliteremsha ndoo mbele yake. Utepe ukapita ukingo, ukapotea gizani, na ndoo ikapanda na tope. Nikaishika kamba, nikavuta pumzi.

"Leo hakina maji, bibi," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi njiani.

Bi Mwanatumu akavuta mkeka wake, ule ule alionirudishia, akaketi kivulini.

"Haya, weka chai," akasema. "Tumngoje Boga, kisha tutayachemsha pamoja."